Bi Taratibu Anashuka Melini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutandika vitanda vinavyoyumba, mhudumu mkuu wa vyumba vya sitaha ya tano anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Alikuwa bado na miaka miwili ya kazi. Sababu ya kuondoka mapema mtu ambaye sote tunamwita Bi Taratibu ndiyo sehemu ambayo mhariri wa jarida hili alinishauri niipitie juujuu. Nimeshindwa.

Alianzia chumba cha kufulia, akipiga pasi foronya mia tatu kwa zamu. Mwaka wa pili akapelekwa vyumbani, na hapo ndipo alipopata jina lake, kwani alifunga vitambaa kwenye magurudumu ya toroli lake lisipige kelele. Nahodha mmoja hakulisikia likija, akajikwaa na kuchechemea wiki nzima. Bi Taratibu akaamriwa atundike kengele. Akaitundika, akiwa ameijaza pamba.

Miaka kumi na miwili iliyopita alimkuta mama mmoja ameketi sakafuni mwa korido akilia, mwanawe mwenye usonji akigonga kichwa mlangoni. Bi Taratibu aliegesha toroli lake. Aliketi nao, akakunja taulo moja baada ya nyingine mpaka mtoto akatulia. Tangu hapo familia zenye watoto wa namna hiyo, au wenye hofu nyingi, zilitumiwa picha za chumba na za njia ya kwenda kula kabla ya safari. Ziliingia melini kabla ya umati. Spika ya chumbani ilizimwa, na kabla ya kila kelele iliyotarajiwa mapokezi waliwapigia simu. Watu walikuwa wakiomba sitaha ya tano kwa jina lake.

Kinyozi hajinyoi. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka tisa, ana usonji pia, na alikuwa hajawahi kuiona meli. Alikuwa na maneno kama arobaini, bibi akiyaandika yote kwenye daftari. Mama yake ni muuguzi ambaye hajapumzika tangu amzae. Mwezi wa nne, Bi Taratibu alichukua safari ya siku nne wanayopewa wafanyakazi, akamsihi binti yake amwachie mtoto, akimwambia kwamba meli ile anaijua kama kiganja chake. Binti alisita, kisha akakubali.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kupita matumaini. Mtoto alisoma namba za milango yote, akala wali mtupu kama apendavyo, na jioni akasema neno jipya: meli. Bibi alikuja mapokezi kutuonyesha alivyoliandika.

Kesho yake zoezi la dharura lilikuwa saa nne asubuhi. Upepo ulipobadilika likarudishwa nyuma hadi saa tatu na robo. Kuwapigia simu ilikuwa kazi yangu. Mbele yangu palikuwa na foleni ya abiria waliotaka kubadilishiwa meza, nikajiambia nitapiga sasa hivi. Honi zikalia, saba fupi na moja ndefu, wao wakiwa koridoni, vifuniko vya masikio vya mtoto vikiwa chumbani.

Mtoto alichomoka mbio. Tulimkuta stoo ya mashuka, nyuma ya rafu, amejing'ata mkono hadi damu. Ilichukua saa nne kumtoa. Bandari ya kwanza walishuka, wakarudi nyumbani kwa basi, siku mbili.

Mtoto hajasema neno tangu siku hiyo. Hulala ameketi, na maji yakifunguliwa bombani hukimbia. Daktari anasema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi. Binti hakumgombeza mama yake. Alimwambia mara moja tu, "Mama, ulisema unaijua."

Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinitengea chai, akanisikiliza hadi mwisho. Mtoto alikuwa chini ya meza, na nilipozungumza, alijiziba masikio, basi nikamalizia kwa kunong'ona.

"Sina kinyongo nawe," Bi Taratibu alisema. "Lakini ulipaswa kupiga."



Zawadi tuliyomnunulia, saa ya ukutani, ameirudisha kwa adabu kwa sababu inagonga. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba simu ile iandikwe iwe sheria ya mapokezi, isitegemee kumbukumbu ya mtu. Uongozi unasema unalitafakari.

Bi Taratibu, ahsante kwa watoto wote uliowapa safari. Tunakutakia siku tulivu, na mjukuu wako tunamtakia sauti yake. Usijisumbue kuja kutuaga. Tutakuja sisi, mmoja mmoja, na hodi tutapiga kwa kidole kimoja.