Fundi Aliyeacha Mashine kwenye Hamsini na Tano

Ndugu waombolezaji, mliomzoea kwa jina la Fundi Nyuzi, kaka yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya wanne, kadogo hivi kwamba wakunga walisema hatamaliza mwezi, naye akamaliza, na ubishi wake ukaanzia hapo. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaacha sekondari kidato cha pili mwaka 1973 baba alipofariki, na Januari 1974 akaajiriwa kufagia duka la vifaa vya michezo, ambako fundi mkuu alimwona anavyoikodolea macho mashine ya kusuka raketi, akamvutia kiti.

Alisuka raketi za tenisi miaka tisa kabla ya kuruhusiwa kugusa za badminton, na tofauti yake alituhadithia hadi tukachoka, kwamba ya tenisi ina fremu nene na nyuzi nene, unazivuta kwa nguvu ya ratili hamsini na tano nayo imetulia tuli, ila ya badminton haifiki uzito wa mayai mawili, nyuzi zake kama za cherehani, ratili ishirini na nne zinaitosha, ukizidisha ovyo inakulilia ka! mkononi.

Tarehe 22 Septemba 1984 alimwoa shemeji yetu huyu, fundi cherehani, anayedai aliolewa ili apatikane wa kusikiliza habari za nyuzi, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1987, akawa mchezaji wa badminton, na raketi zake hakuzigusa fundi mwingine.

Sasa nasoma alichoniapisha nisome. Jumamosi, tarehe 8 Julai 2006, asubuhi ya mchujo wa timu ya taifa, alimaliza raketi ya tenisi, akaiweka ya binti mashineni bila kubadili kipimo cha kuvutia nyuzi, fremu ikapasuka, naye kwa kuona haya akamwambia mtoto kwamba ilikuwa na ufa, kwamba ni yeye binti aliyeigonga mazoezini. Binti alicheza na raketi ya kuazima, akashindwa, hakuitwa tena, na kaka akabaki na jambo hilo moyoni karibu miaka kumi na mitatu, huku mtoto akimletea raketi kila mwezi kama kawaida.

Februari 2019 figo zake zilianza kugoma, akalazwa tarehe 11 Aprili, na mchana mmoja, mbele yangu, alimwambia binti yote huku akilia. Jamani! Binti alimfuta uso, akasema alijua siku ileile, maana aliingia dukani kuchukua mkoba, akakiona kipimo kiko hamsini na tano, akakirudisha mwenyewe ishirini na nne wateja wasione, kwamba alikasirika mwaka mzima, lakini alimjua baba yake, akiumbuka hatagusa tena badminton, ndiyo maana akawa analeta raketi kila mwezi, amkalie karibu, angoje aseme. Kaka alimshika mkono hadi usingizi ukamchukua, na alifariki Ijumaa, tarehe 3 Mei 2019.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea viti na kutufungulia milango yenu, mafundi wenzake mliofunga maduka leo, na wachezaji mliovumilia mihadhara yake. Kaka, nimesoma yote kama ulivyotaka, mwanao amekaa hapa mbele na hana kinyongo, pumzika kwa amani.