Usimalizie Kile Kitanda

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa redio yetu. Mwenyekiti wa chama cha wanamuziki. Wafanyakazi wa redio mlio kazini na mliokwisha kustaafu. Ndugu wageni waalikwa. Wanangu wa bendi mliokaa pale karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka. Na wewe, Mama Waya, mwenye shughuli hii: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji amenitambulisha kama mzazi wa msanii. Ni kweli, lakini kazi yangu ni useremala. Nimezoea kukaa na mbao, nazo hazipigi makofi wala haziguni, kwa hiyo mkiona nasitasita mnivumilie. Mama watoto wangu, aliyekaa meza ya pili, alinionya tangu nyumbani nisizidishe maneno na nisimlize mtu. La kwanza nitajitahidi. La pili sikuliahidi.

Leo Mama Waya anaagwa baada ya kuitumikia redio hii maisha yake yote ya kazi, na waliotangulia kusema wameeleza vizuri vipindi alivyorekodi, vijana aliowafundisha na mitambo aliyoifufua ilipokuwa imeshakatiwa tamaa. Mimi nitasema jambo moja tu. Albamu ya *Usimalizie* mnaijua. Mmeisikia saluni, mmeisikia kwenye simu za abiria wenzenu, na nyumba ya jirani yangu mmoja huwezi kupita bila kuisikia. Lakini ni wangapi humu ndani mnajua ilirekodiwa wapi, na ilitokana na nini? Nisipolieleza hilo, nitakuwa nimemshukuru juu juu.

Binti yangu wa kwanza alikuwa mwimbaji wa bendi ya muziki wa roki. Vijana mnisamehe: siku ya kwanza nilipowasikia nilitoka nje kuangalia kama kuna gari limegonga ukuta. Walikuwa wanne. Yeye na sauti yake, mpiga dramu, mpiga besi, na kijana mmoja wa gitaa ambaye alikuwa mchumba wake. Kijana alikuwa na adabu. Alikuja kwangu na wazazi wake, tukazungumza, tukaelewana, kadi za harusi zikachapishwa. Nami nikaanza kuwatengenezea kitanda, kwa mbao ngumu nyekundu nilizokuwa nimeziweka kwa shughuli hiyo na si nyingine. Kitanda cha mwanao hukitengenezi kama cha mteja. Unapiga msasa mpaka kiganja kinateleza, halafu unapiga tena.

Siku yenyewe binti yangu alikuwa kwa fundi cherehani, ng'ambo ya barabara, anapimwa gauni. Simu yake ikaita. Yule kijana alikuwa amesafiri kikazi mji mwingine, na huko akampata mchumba mwingine, na aliona ni heri aseme mapema. Akasema kwenye simu. Binti yangu akavuka barabara akaja moja kwa moja karakanani, pini bado zimechomekwa begani, akasimama mbele yangu juu ya maranda ya mbao. Nikazima mashine.

Akaniambia, "Baba, usimalizie kile kitanda."

Mimi nikamuuliza, "Kwani rangi huipendi?"

"Rangi nzuri, baba. Harusi ndiyo haipo."

Ndugu zangu, kuna maumivu ya mtoto ambayo mzazi unayatibu. Akianguka unamfuta vumbi, akiugua unampeleka hospitali. Haya unayafanyia nini? Niliondoa pini zile begani mwake moja moja, kwa sababu hicho ndicho mikono yangu ilichoweza kufanya, kisha nikamrudisha nyumbani.

Hakulia mbele yetu. Alikwenda kazini kwake, duka la dawa, akarudi, akala kidogo, akaingia chumbani. Lakini hakuimba. Hata bafuni hakuimba. Bendi ikasambaratika, kwa sababu ilikuwa imebaki bila gitaa na bila sauti. Mama yake, ambaye miaka yote alikuwa akilalamikia muziki ule, aliniambia siku moja tukiwa tunakunywa chai, "Mume wangu, afadhali zile kelele."

Ikatokea wale vijana wawili wakatolewa kwenye chumba chao cha mazoezi, wakaniomba wahifadhi vyombo kwenye chumba cha nyuma cha karakana yangu. Nikawakubalia. Jumapili moja binti yangu ananiletea chakula, akamkuta mpiga dramu anakaza ngozi za ngoma zake. Kijana yule hakumpa pole wala hakumuuliza habari za moyo. Alimwambia tu, "Dada, hebu nishikie hapa." Akashika. Akashika na pale pengine. Baadaye akachukua gitaa la kuazima akawa analipapasa, na kabla jua halijageuka nikasikia sauti yake kupitia ukutani. Mpiga dramu, simama watu wakuone. Kaa sasa. Asante, mwanangu.

Kuanzia hapo wakawa wanakutana kila Jumapili, mashine zangu zikiwa zimezimwa. Na maneno aliyoyaimba kwanza yalikuwa yaleyale aliyoniambia mimi. Nikiwa chumba cha mbele nilisikia, "Baba, usimalizie kile kitanda," nikaacha nilichokuwa nafanya. Kisha nikasikia na swali langu limo: "Kwani rangi huipendi?" Mheshimiwa mgeni rasmi, siku hizi nikipita mtaani, watu nisiowajua wananiuliza mimi kama rangi siipendi.

Hapo ndipo anapoingia Mama Waya, na hakuja kutafuta muziki. Alikuja kukagua kabati lake. Nilikuwa nimemcheleweshea, na nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo. Hakuniruhusu hata nianze.

"Fundi, hilo kabati liache kwanza," alisema. "Nani anaimba huko nyuma?"

Akaingia, akakaa juu ya gogo, akasikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata aliwaita studio, hapa redioni. Binti yangu akasimama mbele ya maikrofoni, nyuma ya kile kioo, na sauti ikagoma. Wakajaribu tena, ikagoma tena. Mtu mwingine angesema, basi, rudini mtakapokuwa tayari. Mama Waya alivua vifaa vyake vya masikioni akamuuliza, "Unaimba vizuri ukiwa wapi?" Binti akajibu, "Kwa baba." Naye akasema, "Basi tutakwenda kwa baba."

Akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, na nawashukuru wakubwa hao kwa kuitoa, akahamisha mitambo. Nyaya zilitambaa karakana nzima, na jina lake la utani nikalielewa siku hiyo. Alitundika blanketi ukutani, blanketi za mke wangu, zilizorudi na vumbi la mbao ambalo nasikia habari zake mpaka leo. Jirani yangu fundi wa kuchomelea aliombwa asifanye kazi Jumapili, akakubali kwa moyo mmoja, ila siku moja alisahau akafunga geti lake. Ukiusikiliza vizuri wimbo wa tatu, mwishoni, geti linasikika. Yeye huwaambia wateja wake kwamba amepiga ala kwenye albamu.

Sauti ya dramu ilikuwa inarudi kwa fujo kutoka ukutani, Mama Waya akataka ubao mpana wa kusimamisha nyuma yake. Uliokuwepo ulikuwa mmoja, ule wa kichwani wa kitanda. Nikamtazama binti yangu. Akasema, "Utumie tu, baba. Ni ubao mzuri."

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka hasa kuisema.

Kazi ilikuwa inakaribia kwisha. Tukiwa ndani, mlango ukagongwa, na aliyesimama pale alikuwa mama mzazi wa yule kijana. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mwanawe anaimbwa. Vijana wakatazamana. Mpiga besi akaanza kuzima spika. Mimi nilikuwa natafuta neno la kumrudisha mgeni kwa heshima, lakini Mama Waya akanitangulia. Alimvutia kiti, akamvalisha vile vifaa vya masikioni, akafungulia wimbo. Hakumuuliza mtu.

Tulikaa tukimtazama uso. Wimbo ulipokwisha akaomba aurudie, akarudiwa. Kisha akavua, akamwambia binti yangu, "Mwanangu alikukosea. Nilimwambia, na nakwambia na wewe. Siku ile na mimi nilipoteza. Nilishakuzoea kwangu. Lakini ule ubeti unaomwombea asipate usingizi popote atakapolala, mama, huyo nimemzaa. Ukimwombea hivyo, unaniombea na mimi."

Ubeti ule ndio vijana walioupenda kuliko beti zote. Mpiga besi alikuwa ameusifia wiki nzima. Binti yangu aliinama akaokota kipande cha maranda sakafuni, akakikunja, akakikunjua. Angeweza kusema wimbo ni wake na maumivu ni yake, na nani angembishia?

Akasema, "Nipe muda kidogo, mama."

Akatoka nje. Mama Waya hakumfuata wala hakumharakisha. Alikaa akisafisha maikrofoni kwa kitambaa, taratibu, kama mtu asiyekuwa na safari. Binti yangu aliporudi alimwambia, "Niko tayari," akasimama, akaimba ubeti ule mnaoujua, ule mnaouandika kwenye simu zenu: *Lala salama huko uliko, ila toka kichwani mwangu, nami nilale.* Aliimba mara moja tu. Hakukuwa na haja ya kurudia.

Na Mama Waya, badala ya kumshukuru mgeni na kumsindikiza, akamwomba abaki. Wale wanawake wanaoitikia mwishoni mwa wimbo, ambao watu wamekuwa wakiuliza ni kwaya gani, ni wawili tu. Mmoja ni mke wangu. Mwingine ni mama yule, na leo wamekaa meza moja, wote wawili wananitazama kwa jicho la kuniambia nifupishe.

Albamu ilipotoka, yaliyobaki mnayajua. Simu za redio hazikupumzika, na kumbi zikajaa. Waandishi wakamjia Mama Waya kutaka jina la yule kijana. Aliwaambia yeye ni fundi wa sauti, majina hayapimi. Kijana yule anaishi maisha yake kwa amani na mkewe, na hilo nalo tunalihesabu kuwa kazi yako, Mama Waya.

Nimalizie na onyesho la kwanza. Nilisimama nyuma kabisa ya ukumbi, pamba masikioni, nakiri. Ulipofika ubeti ule, watu wakauimba wao, ukumbi mzima, hata binti yangu akaacha kuimba akawa anawasikiliza. Alishusha maikrofoni. Wala hakulia. Alicheka, kicheko chake kile cha utotoni cha kufunga macho, ambacho mimi na mama yake tulikuwa tumeshakubaliana, kimya kimya, kwamba hatutakiona tena.

Mama Waya, mimi sina neno la kitaalamu la ulichokifanya. Uliingia kwangu kuulizia kabati, ukaturudishia mtoto. Staafu salama, ukalale mchana, usiamshwe na simu ya mtu. Na ukichoka na ukimya, karakana ipo, Jumapili mashine zimezimwa.

Kwa niaba ya familia yangu, na kwa niaba ya familia ile nyingine, nasema asante. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu kwa muda huu, Mungu awazidishie.