Mzee Turudi na Ukuta Alioukataa

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Teodori Paskasi Bura alizaliwa tarehe 3 Juni 1967 hapa Nakwa, akasoma Shule ya Msingi Sigino kuanzia 1975 hadi 1981, na mwaka 1989 akaenda Kilimanjaro kubeba mizigo ya watalii, hadi mwaka 1998 alipoanza kuwaongoza wale wachache wanaopanda kuta za barafu kwa kamba na mashoka. Mwaka 2002, Manyara ilipofanywa mkoa, alifunga ndoa na Hilaria, wakajaliwa Jenifa na Vicent.

Barafu hakuiamini hata siku moja, aliigonga kwa mpini wa shoka akatega sikio, na ikilia kama debe tupu, au maji yakisikika nyuma yake, alisema neno moja, "Turudi," wala hakulirudia.

Tarehe 14 Februari 2009 aliwarudisha wageni wawili kutoka kwenye ukuta ambao kwa macho ulikuwa mzima, mweupe, mkavu, na kesho yake mwenzake Marseli akawapandisha palepale, wakashuka salama. Teodori aliondolewa kazini, akarudi kulima mahindi na mbaazi, huku vijana wa stendi wakimwuliza, "Mzee Turudi, leo wingu limekutisha?", na hata sisi wa nyumbani, tuseme ukweli mbele ya jeneza hili, tulihisi kuna jambo anatuficha, labda woga, labda ugomvi na wageni wale.

Tarehe 20 Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Marseli alipofika wodini tarehe 9 Machi tulimtilia shaka, lakini alisimama miguuni pa kitanda akaeleza kwamba siku ile, katikati ya ukuta, skrubu ya chuma iliyokazwa ndani ya barafu kushika kamba ya watu watatu ilichomoka kwa vidole viwili, ikichuruzika maji, naye alinyamaza miaka kumi na sita kwa kuogopa kufukuzwa. Teodori aliuliza tu ilikuwa saa ngapi, akajibiwa saa nne asubuhi, akasema, "Mimi niliyasikia saa mbili, jana yake."

Tarehe 28 Aprili, baada ya kuwauliza madaktari swali juu ya swali kuhusu dawa zilizobaki, alimgeukia mkewe akasema, "Turudi," na tarehe 6 Mei alfajiri akafariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 57, miezi 11 na siku 3.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu bila kumficha, majirani wa Nakwa na Singe, wapagazi waliosafiri kutoka Moshi, na Marseli, aliyeridhia haya yasomwe akiwa ameketi hapa mbele yenu.

Baba Jenifa, umeshuka salama, sasa pumzika kwa amani.