Baba Anaingoja Chanjo

Asubuhi ile kijiweni Kwa Mathias nilikuwa namimina kahawa, mtoto mgongoni, jicho moja kwa baba, maana jana niliona mkojo wake una damu, akanikemea ninyamaze, na sasa yuko kwenye benchi anacheka kama hana lolote! Aliyeanza ni Redio, fundi baiskeli asiyepitwa na taarifa, akibishana na Injinia wa bodaboda.

REDIO: Wanajaribu chanjo mpya ya saratani, inaitwa mRNA. Ya kibofu, ya figo, ya tezi dume.

INJINIA: Chanjo si ya kuzuia, kaka? Aliyekwishaugua unamchanja ya nini?

REDIO: Inaupa mwili maelekezo. Askari wako wa ndani wanaonyeshwa sura ya saratani, wanaikamata.

INJINIA: Kama picha ya mwizi kituoni!

REDIO: Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na saratani ni mgeni aliyekaa mno.

INJINIA: Ikiona picha yake imebandikwa, inahama yenyewe. Inapanda treni ya umeme, inashukia stesheni ya Soga!

Benchi zima hoi. Baba akajipiga paja.

BABA: Basi naingoja hiyo hiyo. Haraka haraka haina baraka.

Nikataka kusema, nikashindwa, utamwaibishaje baba yako mbele ya watu, tena kwa mambo ya huko chini? Hapo akafika Mwalimu Marselina, mpangaji mpya wa mtaa wa Pangani, kununua kashata.

MARSELINA: Shikamoo, mzee. Mwenyeji wa wapi?

BABA: Marahaba. Mzaramo wa Kisarawe.

MARSELINA: Kumbe mtani! Mimi Mnyamwezi, nirudishie shikamoo yangu. Sasa niambie, nimekusikia nikija, unangoja dawa ya ugonjwa gani? Umepimwa?

Redio akachungulia kikombe chake kitupu. Injinia akaanza kufuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi.

Mwalimu akamvua baba kofia, huyo, akapanda pikipiki ya Injinia, naye akaiwasha.

MARSELINA: Utaikuta hospitali, kwa daktari!

BABA: Lete kofia yangu, mpagazi wee!

MARSELINA: Utapewa ukishakojoa kwenye kikopo!

Mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, ndiyo mila, na baba kichwa wazi alicheka mpaka machozi, mimi pia, sijui yangu yalikuwa ya nini. Kisha akasimama, akaniinamia sikioni.

— Zima jiko, mama, twende. Ile damu utaisema wewe. Mimi nitadai kofia.