Fundi Gundi na Riwaya za Watoto Wanaoondoka Nyumbani

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, tarehe thelathini na moja, fundi wa majalada wa maktaba yetu anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Jina lake rasmi limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa siku hiyo. Sisi tunamwita Fundi Gundi. Hata watoto wa shule ya msingi wakileta kitabu kilichovunjika mgongo, huja dawatini kwangu na kuuliza, "Gundi yupo?" Yupo. Mpaka Ijumaa.

Mkuu wa maktaba amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu dawati la kuazimia vitabu, ambalo ndilo langu, linatazamana na mlango wa karakana yake. Hakuna aliyemwona akitoka na kuingia kunishinda mimi. Na kwa Fundi Gundi, kutoka na kuingia ndiyo habari yenyewe. Mtu huyu hajui kutulia. Gundi ikiwa inakauka, yeye anazunguka. Ataenda dirishani, atarudi, atakaza kibanio cha chuma ambacho tayari amekikaza, kisha atakuja kuniuliza saa ilhali saa imetundikwa juu ya kichwa chake. Kusoma nako husoma amesimama, bega moja ukutani. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza kama na yeye anasubiri kuhudumiwa.

Aliajiriwa akiwa kijana, wakati maktaba ilipokuwa na vyumba viwili na paa lililovuja. Mvua za mwaka ule zililowesha rafu nzima ya vitabu vya sheria. Alifunga kamba ukuta hadi ukuta, akaanika kurasa kama nguo, halafu akashona kitabu kimoja kimoja mpaka rafu ikajaa tena. Mawakili wa mji huu bado wanavifungua vitabu vile na kushangaa kwa nini vimekunjamana. Amefundisha mafundi watatu, amenusuru magazeti ya zamani yaliyokuwa yameanza kuwa unga, na hajawahi kumgombeza msomaji aliyechana ukurasa. Husema kitabu kisichochanika hakina mwenyewe.

Hata hivyo, wengi wanaoingia katika jengo hili hawamjui kwa sindano yake. Wanamjua kwa maoni yanayobandikwa kila Jumatatu kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango mkuu, kuhusu riwaya ya fantasia au ya vijana aliyoimaliza wiki iliyopita. Wageni katika jengo letu waonje kidogo.

Kuhusu riwaya ya joka: "Joka limeelezwa vizuri, meno hadi mkia. Ninachouliza ni nani anafagia lile pango." Kuhusu riwaya ya mapenzi katika ufalme wa barafu: "Binti anapendwa na wavulana wawili kwa kurasa mia nne. Mmoja ana macho ya kijivu, wa pili ana upanga. Hakuna mwenye kazi." Kuhusu ile ya unabii: "Tumeshaambiwa mshindi kabla chai haijapoa. Kuanzia hapo nilisoma kwa ajili ya farasi. Farasi ni mzuri." Na mwezi uliopita, kuhusu *Jiji Chini ya Ziwa*, aliandika kwa ufupi ambao si kawaida yake: "Usiianze siku una kazi. Mimi niliianza siku nina kazi." Siku hiyo kweli karakana haikutoa kitabu hata kimoja.

Akikisifu kitabu, kinaazimwa. Akikiponda, kesho yake kuna foleni.

Lakini kwa miaka mingi alizishona riwaya hizo bila kuzisoma. Zilikuwa kazi tu, tena kazi nyingi, kwa kuwa vitabu vya vijana huchakaa kuliko vyote. Alianza kuzisoma pale dada yake alipofariki. Ndugu yake wa pekee, wa tumbo moja. Aliugua kwa muda mfupi, akaacha binti wa miaka kumi na mitano, na binti akahamia kwa mjomba wake na mkewe, ambaye ni muuguzi.

Mtoto hakuwasumbua. Alisalimia, alikula, aliosha vyombo, aliingia chumbani na kufunga mlango. Hakulia mbele yao hata siku moja, wala hakumtaja mama yake. Alisoma. Alikuja hapa baada ya masomo, akachukua riwaya mbili za fantasia, akazirudisha baada ya siku chache, akachukua nyingine. Nami nikaanza kuona jambo: kila kitabu alichokirudisha, Fundi Gundi alikuja kukidaka dawatini kabla hakijafika kwenye rafu, kizima au kibovu.

"Hiki hakina tatizo," nikamwambia siku moja.

"Najua. Nataka nijue anaenda wapi."

"Haendi popote, Fundi. Anasoma."

"Basi ndiyo huko."

Alichokikuta huko hakukipenda. Alikuja kunieleza akipunga kitabu. Katika riwaya hizi, mama hafiki sura ya tatu. Akishazikwa, mtoto anafungasha, anapita kwenye kioo, au kisimani, au ukutani, na watu wa nyumbani hawasikiki tena. "Kila kitabu," alisema. "Kila kitabu mtoto anaondoka." Nikacheka, nikamwambia hizo ni hadithi. Hakucheka. Alianza kutoka kazini asubuhi, akapita nje ya ua wa shule kuona kama mpwa wake yumo. Alimpigia mkewe simu wodini kuuliza kama binti amefika nyumbani. Jioni akiwa kwake, kumbe, alikuwa anasimama koridoni karibu na chumba cha mtoto, anatengeneza bawaba ambayo haikuharibika.

Kwetu sisi hofu ile ilitoka kwa njia ya maoni. Wakati wa chai hakuwa na habari nyingine ila wachawi na mayatima, mpaka mkuu wa maktaba akachoka. "Fundi, yaandike uyabandike ubaoni," akamwambia, "na sisi tunywe chai." Hivyo ndivyo safu ya Jumatatu ilivyozaliwa.

Kisha ikaja *Mlango wa Chumvi*. Ni riwaya ya binti yatima anayelelewa na mjomba wake, mchimba chumvi. Mjomba ni mtu mwema, kila msomaji atakubali. Siku moja binti anagundua mlango katika ukuta wa ghala la chumvi, anaufungua, anapita, na kitabu kinaisha. Mpwa wa Fundi Gundi aliiazima riwaya hiyo, akairudisha, akaiazima tena, na tena. Mjomba wake akaisoma kwa siku mbili. Jumatatu akabandika maoni makali kuliko yote aliyowahi kuandika: "Mjomba huyu alimpa binti chakula, kitanda na heshima. Binti hakumwachia hata neno la kwaheri. Mwandishi anamwita shujaa. Mimi namwita asiye na shukrani."

Alasiri hiyo binti aliingia na wenzake wa shule. Wakasimama ubaoni kama kawaida yao. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akacheka, na wa tatu akasema, "Si unaishi kwa mjomba wako wewe?" Nilikuwa namtazama. Alifika dawatini, akaweka vitabu vyake viwili mbele yangu, akatoka bila kuchukua vingine. Hakurudi nyumbani. Mama wa rafiki yake alipiga simu kusema binti yuko kwake, yuko salama, na ameomba akae kidogo.

Kesho yake Fundi Gundi alikuwa karakanani, lakini si kwamba alifanya kazi. Hakukaa, hakusimama. Alichota gundi, akaiacha ikauka kwenye brashi. Mkewe alifika akitokea zamu, sare bado mwilini, akakalia kiti pekee kilichomo mle ndani. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia sote.

"Umemsema mtoto hadharani," mkewe alisema, "ukajificha nyuma ya kitabu."

"Nimekisema kitabu."

"Basi kiambie kitabu kirudi nyumbani."

Mkewe alipoondoka, nilimshauri Fundi aibandue ile karatasi. Akatikisa kichwa. "Nikiibandua atadhani sikumaanisha. Nilimaanisha, ndiyo shida." Alichofanya ni kuongeza mstari chini yake kwa wino mzito: anayepinga maoni haya aje Jumamosi, chumba cha kusomea watoto, aseme yote, na mwandishi wa maoni hatamkatiza.

Jumamosi hiyo chumba kilijaa. Wengine walikuja kwa udaku, sitaficha. Mpwa alifika akiwa na mama wa rafiki yake, wakakaa nyuma kabisa. Vijana wawili walibishana muda mrefu kama chumvi inaweza kuwa na uchawi. Fundi Gundi alikuwa dirishani, mikono haijui pa kukaa. Halafu binti akasimama.

"Mjomba," akasema. "Umesoma kitabu kizima unamwangalia mjomba. Binti hukumwangalia kabisa. Yule mjomba kila jioni anakagua viatu vyake kama vipo. Akikohoa, mjomba yuko mlangoni. Akinyamaza, mjomba yuko mlangoni. Amefiwa na mama yake na hana hata mahali pa kulia, maana akilia mtu ataingia. Hakutafuta ufalme. Alitafuta chumba."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ametulia, na hilo lilinitisha.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Lakini kwa nini hakurudi?"

"Nani kasema hakurudi? Kitabu kimeisha. Wewe ndiye uliyeamua hakurudi."

"Na wewe unasemaje?"

Binti alifikiri. "Mimi nasema angerudi," akajibu. "Mjomba akikaa mbali kidogo."

Alirudi nyumbani siku iliyofuata, na begi lake, bila sherehe. Msifikiri mambo yalinyooka papo hapo. Wiki zile za kwanza mjomba alikuwa kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alikuja kazini mapema kupita kiasi, akashona hata vitabu ambavyo vingengoja mwaka. Alasiri moja ya Jumapili, mkewe alinisimulia baadaye, walisikia kilio kutoka chumbani kwa mtoto. Fundi aliinuka. Alifika koridoni, akasimama, akageuka, akatoka nje na kuzunguka mtaa hadi viatu vikajaa vumbi. Aliporudi, binti alikuwa mezani, macho mekundu, amewatengea chai. Akaanza kuwaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akimsomea hadithi na kuruka kurasa zote za vita, akidhani mtoto hajui. Alizungumza mpaka chai ikapoa, na mjomba wake, kwa ushahidi wa mkewe, alikaa kitini muda wote huo.

Mabishano ya Jumamosi hayakukoma. Leo ni shughuli rasmi ya maktaba, na rafu moja ya riwaya za vijana imekuwa chumba kizima. Tunalihesabu hilo kuwa tunda la Fundi Gundi kuliko jalada lolote. Kuhusu *Mlango wa Chumvi* hajasalimu amri. Mpaka wiki hii anashikilia kwamba mwandishi alipaswa kuongeza sura moja.

Mpwa wake alimaliza shule, akaenda kusomea ufamasia katika mji wa mbali, akapata kazi hukohuko. Siku anaondoka, Fundi alimbebea sanduku mpaka stendi, akarudi kazini, akavunja sindano mbili kabla ya saa sita. Tangu hapo wanabishana kwa simu. Yeye hutoka uani kuzungumza, na sisi ndani tunajua kila mhusika aliyekufa katika kila riwaya. Juzi walikuwa kwenye kitabu cha tatu cha mfululizo wa watu wanaosafiri mgongoni mwa ndege wakubwa. "Mwandishi ameua watu wote hao katika sura moja ili yeye apumzike," alikuwa akifoka. "Mimi je, nimepumzika?"

Nisiseme uongo katika jarida la ofisi: mwezi huu haujawa mwepesi. Fundi mpya ameshaanza kazi, dada hodari mwenye mkono mwepesi, na Fundi Gundi humsifu mbele yake, kisha dada huyo akitoka huenda kukaza vibanio upya. Ameniuliza watu waliostaafu hufanya nini saa nne asubuhi. Mkuu wa maktaba amehamisha tarehe ya sherehe, akairudisha. Mimi mwenyewe nimeandika ukurasa huu nikiinuka kila baada ya aya, kama mtu aliyeambukizwa.

Kwa miaka yote mpwa wake amekuwa akimwalika kwake, naye amekuwa akijibu kwamba vitabu vimerundikana. Wiki iliyopita binti alipiga simu ya dawatini, labda kwa sababu simu ya mjomba wake ilikuwa haipokewi. Nilimwita, akaja, na nilikuwa karibu mno kiasi cha kutoweza kujifanya sikusikia.

"Mjomba, hivyo vitabu sasa ni vya mtu mwingine. Njoo."

Alikata tiketi mbili, yake na ya mkewe, siku hiyohiyo. Basi linaondoka Ijumaa mchana, ile Ijumaa ya sherehe, na begi lake limeshafika karakanani. Kwa hiyo tunawaomba wote watakaopewa nafasi ya kuzungumza wawe wafupi, akiwemo mkuu wa maktaba, akiwemo mwandishi wa wasifu huu.

Asante, Fundi Gundi, kwa vitabu ulivyovirudishia uhai na kwa vile ulivyotugombanisha navyo. Asante kwa kumwita mpinzani wako mbele ya watu na kumwacha amalize kusema. Uende salama, mkeo akupunguzie mwendo, ukae huko kadiri watakavyokuvumilia, na afya iwe upande wako. Jumatatu ubao utakuwa mtupu, na watoto watakuja dawatini kukuulizia. Tutawaambia umeenda kwa mpwa wako.