Rangi Haijakauka: Tunamuaga Mzee Teyo wa Meza ya Nembo

Baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu ya magari ya kale hapa Cerro, Havana, Mzee Eleuterio Bacallao, Teyo wetu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Tunasema rasmi kwa sababu mpaka Jumatatu iliyopita yeye mwenyewe alikuwa hajakubali. Alidai kuna nembo ya gari aina ya Pontiac pale dirishani ambayo rangi yake haijakauka.

Kwa faida ya wageni kazini: kwa Mzee Teyo hakuna rangi iliyowahi kukauka. Mtu analeta nembo ya gari la babu yake, imepauka, imeliwa na chumvi ya bahari. Mzee anaisugua kwa mswaki na maji ya ndimu, anaijaza rangi kwa brashi ya nywele chache, kisha anaifunika kwa glasi isiingie vumbi. Hapo ndipo mateso yanapoanza. Kila mwenye gari akija, jibu ni lile lile, bado haijakauka. Kuna daktari mmoja alileta nembo akiwa kapera, akaja kuichukua amebeba mtoto anayeota meno.

Lakini jamani, zikitoka zimetoka. Nembo inang'aa mpaka gari lenyewe linaonekana chafu.

Rangi ya nembo huku kwetu haipatikani, kwa hiyo Mzee hutumia rangi ya kucha. Mwaka mmoja mkewe, Bi Nieves, alikuwa anafua akakuta mfukoni mwa suruali chupa mbili nyekundu na moja ya zambarau. Mzee alihamia kwa shemeji yake. Ilibidi mkuu wa karakana amlete Bi Nieves hapa, aoneshwe gari aina ya Buick lenye nembo iliyopakwa rangi hiyo. Alilikagua, akamsamehe mumewe, ila akasema inamuuma kuona gari linapakwa rangi ya kucha na yeye hajapakwa hata siku moja.

Sasa tuseme ukweli, tulikuwa na wasiwasi. Uongozi ulikuwa umeamua kwamba Mzee akiondoka meza ya nembo inafungwa, isipokuwa kama yeye mwenyewe atathibitisha mrithi. Mwenzetu Odalys Ferrán amekaa naye meza moja miaka tisa, na hajawahi kusikia sifa. Kila alichopaka, Mzee alikigusa ukingoni, akatikisa kichwa, akakirudisha chini ya glasi. Bila kauli ya Mzee, Odalys angerudishwa kuosha magari, na kazi hii ingekufa.

Jumatatu mkuu alikuja mezani pale dirishani, sote tukaacha kazi. Odalys akainua glasi. Ile nembo ya Pontiac alikuwa ameipaka yeye, mwanzo mpaka mwisho. Mzee akavaa miwani, akainama, akaibonyeza kwa kidole gumba, tena katikati, kosa ambalo sisi wengine tungefukuziwa. Kisha akatia mkono mfukoni, akamgeukia mkuu.

"Imekauka," akasema. "Meza ni ya Odalys."

Odalys alilia waziwazi, na hakulia peke yake. Mzee akatoka nje haraka akisingizia harufu ya tina ya kuyeyushia rangi.

Jioni Bi Nieves alipiga simu kwa hasira, anauliza nani amempa mumewe rangi nyekundu tena, maana ameharibu mfuko wa suruali nyingine. Tukakimbilia dirishani. Katikati ya nembo kulikuwa na alama ya kidole gumba, mbichi kabisa. Odalys amekataa kuifuta, na mwenye Pontiac ameridhia.

Asante, Mzee Teyo, kwa miaka yote uliyotuambia ukweli, na zaidi kwa huo uongo mmoja. Tunakutakia afya na mapumziko marefu. Sasa kaa nyumbani, umpake Bi Nieves kucha zake, umsubirie zikauke.