Athanas Mbawala: Mpimaji Aliyekataa Kumwaga Chupa

Ndugu waombolezaji, mliosimama juani sogeeni hemani, viti vipo. Mimi ni Josepha, mdogo wake marehemu. Nitasoma taratibu, na mwenye karatasi afuate, maana kila tarehe iliyomo tumeihakiki.

Marehemu Athanas Mbawala alizaliwa Mbinga tarehe 11 Juni 1976, mtoto wa kwanza wa mama yetu, Klara. Mwaka 1980 mama alimleta mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, akawa anauza vitunguu shimoni, ghorofa ya chini ya soko la Kariakoo.

Alimaliza sekondari mwaka 1994, na mwaka 1998 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Tangu hapo kila mtu akawa mwanafunzi wake. Alimwambia mama, “Kinachokuliza ni salfa. Kitunguu kinaituliza ndani, hakiiachii mpaka ukikate.” Mama akamjibu, “Basi kata wewe msomi, mimi nina mengine ya kulilia.” Akakata, akalia.

Kuanzia mwaka 2003 alipima mafuta ya meli bandarini. Januari 2020 kazi yake iliongezeka uzito, sheria ya kimataifa ilipotaka salfa kwenye mafuta hayo isizidi nusu asilimia. Mama Mwanne, mkaanga samaki wa Feri, alimuuliza salfa ya meli inamhusu nini yeye. Padri atatusamehe, alimjibu hivi: “Mama, mwili wako unaihitaji salfa, ipo mpaka kwenye kucha. Ikizidi unaikojoa, yamekwisha. Meli haina adabu hiyo. Inakukojolea kifuani.”

Tarehe 12 Septemba 2009 alifunga ndoa na Fortunata, wakajaliwa Stella na Wilbert. Marehemu hakuwahi kuonja pombe. Hata shampeni ya harusi yake aliinywa msimamizi wake, Lucky, ambaye yuko hapa na hakatai. Naomba mlikumbuke hilo.

Tarehe 14 Machi 2024 alichukua sampuli za mafuta ya meli moja, chupa nne, akazifunga kwa lakiri. Kipimo kilisoma asilimia mbili nukta tatu, zaidi ya mara nne ya kiwango. Bosi wake, Bwana Eliasi, alimwambia mbele ya wenzake wawili, “Athanas, mwaga hizo. Chukua nyingine tangi la pili.”

“Bosi, nikimwaga nasaini nini?”

“Saini jina lako, si unalo?”

Hakumwaga. Tarehe 18 Machi alipewa barua ya kufukuzwa: eti alikutwa amelewa kazini. Barua hiyo ilimtangulia kila alikoomba kazi. Majirani waliomheshimu wakaanza kumnusa.

Lakini chupa moja, lakiri namba 0417736, alikuwa ameshaipeleka kwenye mamlaka inayosimamia meli na kupewa stakabadhi. Majibu yalitoka tarehe 20 Januari 2025: mbili nukta tatu. Nakala imechapishwa ukurasa wa nyuma wa ratiba hii. Tumetoa nakala mia tano, na nyingine zinagawiwa Magogoni, kwenye kivuko, tangu asubuhi.

Pumu aliyokuwa nayo tangu utotoni ilimzidi baada ya kazi kukatika na bima kukatika nayo. Tarehe 7 Februari 2025, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia mkewe, “Fortunata, Eliasi akija msibani msimfukuze. Mpeni maiki.” Alifariki tarehe 9, saa nne asubuhi.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na mimi mdogo wake. Mungu ampe Athanas pumziko la amani. Sisi hatujapumzika, na leo hatukuja kusamehe.

Ratiba inaonyesha kinachofuata ni rambirambi za mwajiri. Bwana Eliasi, asante kwa shada, na asante kwa kukubali kusema. Kaa hapo hapo mstari wa pili, maiki inakuja. Una dakika tatu. Waambie watu hawa, siku ile kaka yangu alikunywa nini.